Kipimo cha Mvua

Walikuja Jumanne, gari jeupe limevaa vumbi la Bahi,
na sanduku la bati lenye kufuli mbili.
Ndani, vijitabu vya mtihani wa mataifa.
Wanafunzi arobaini na wawili, si kwa majina. Kwa namba.
Sechelela Chilongani akawa sifuri, sifuri, kumi na saba.

Msimamizi akasema: "Hapa hakuna kufaulu, hakuna kufeli.
Anayepimwa ni nchi."
Mbeleje, dawati la nyuma, akanyoosha mkono:
"Kama sifeli, mbona magoti yananicheza?"
Tukacheka. Saa ikabonyezwa.

Nilisimama dirishani, nimekatazwa kuchungulia,
nikachungulia.
Niliogopa lifti. Niliogopa theluji,
na ramani ya treni zipitazo chini ya ardhi;
watoto wa Kigwe wanaijua ya juu tu, ipitayo usiku bila kusimama.
Hofu ya bure. Lifti waliipanda kwa hesabu,
wakashuka salama ghorofa ya tisa.

Swali la kumi na nne ndilo lililowakalisha.
Watu wawili wanabishana juu ya mto,
mmoja ataka bwawa, mwenzake hataki.
"Wewe unakubaliana na nani? Eleza kwa nini."
Mistari sita mitupu.
Kalamu zikaning'inia
kama ndoo juu ya kisima kisichojulikana kina.
Wakatazama ubao, kutafuta pa kunakili.
Ubao ulikuwa umefutwa.

Miaka kumi na minne nimefundisha shule hii.
Nimeuliza nini, nimeuliza lini, nimeuliza taja matano.
Wewe waonaje, sijauliza,
hata siku ya mlenda uliozidi chumvi.

Matokeo yalifika baada ya mwaka, mawingu ya kwanza yakinusanusa.
Mtumba wakafanya semina: chai, sambusa, picha ukutani.
Nchi yetu ilikuwa mstari mfupi wa rangi ya chungwa
karibu na sakafu.
Afisa mmoja akasema kipimo ni cha wageni, hakitujui.
Mwingine akasema tuwakaririshe maswali yao, mstari utarefuka.
Mwalimu Ndahani akaninong'oneza:
"Ukikasirikia kipimo cha mvua, mvua haiongezeki."
Sikujibu. Mimi nilikuwa bado kwenye mistari sita.

Jumatatu niliwatoa nje, penye kipimo chetu wenyewe,
kopo la shaba juu ya nguzo, kando ya mwarobaini.
Milimita nne. Nikaandika.
Kisha nikauliza lisilokuwamo kwenye andalio la somo:
"Una debe moja la mbegu ya uwele.
Kwa milimita nne, unapanda leo au unangoja? Na kwa nini?"
Kimya. Kuku alipita, akarudi.
Nikauma ulimi nisiwajibie.

Akasema Mbeleje, macho chini kwanza, kisha usoni pangu:
"Mimi hiyo nne siikubali.
Kipimo kiko chini ya tawi. Mvua inakamatwa na majani,
na ikikatika, majani yanadondosha ya kwao.
Mwalimu, miaka yote tunapima mti."

Miaka kumi na minne ya madaftari. Wino wa bluu. Saini yangu.

Nilitaka kumwambia kaa chini.
Tulikuwa nje, hapakuwa na pa kukaa.
Nikasema: "Eleza tena, wengine wasikie."
Sechelela akapinga: tawi lenyewe lilikuwa fupi mwaka juzi,
hesabu za zamani zisitupwe zote.
Na hapo wakawaka, sauti arobaini,
hakuna aliyenyoosha mkono.

Mchana tuling'oa nguzo.
Ardhi ya Kigwe ina kiburi, jembe lilitoa cheche.
Hatukukubaliana pa kuisimika hadi kengele ikalia,
na mashimo, mpaka leo, yako mawili.